Msemeshe, bado ni mzee wako

Dada, umeuliza kama kuna maana kumsemesha baba aliyelazwa hapa Mbeya bila fahamu, ilhali wodini wanamwita "yule wa kitanda cha dirishani". Ipo, tena kubwa. Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake walimwambia mwanamke asiyeonyesha dalili yoyote ya fahamu awaze anacheza tenisi. Picha za ubongo zikaonyesha ameitikia. Si wagonjwa wote wako hivyo, lakini hata asiyesikia kabisa utu wake haujapungua. Waombe wauguzi, kwa upole, wamwite kwa jina na wamweleze kabla ya kumgeuza au kumchoma sindano. Na mkiletewa fomu ya upasuaji, kabla ya kuamua anzeni na yale aliyowahi kuyasema mwenyewe kuhusu matibabu anayoyataka.