Fundi, pedali ya bei chee itaniaibisha jukwaani?

*Maswali yenu kuhusu gitaa na vikorokoro vyake, yanajibiwa na Fundi wetu wa ukurasa huu.*

SWALI: Shikamoo Fundi. Napiga gitaa la solo kwenye bendi yetu ya vijana. Ovadraivu yangu, yaani pedali ya kukwaruzisha sauti ya gitaa, ni ya kijani, ya bei chee, inayoiga ile maarufu iitwayo Tube Screamer. Mwenzangu wa gitaa la ridhimu ana pedali iliyoundwa kwa mikono, bei yake inanunua kumi kama yangu. Kila tukimaliza mazoezi ananiambia sauti yangu ina mchanga, na sasa hata mimi nimeanza kuusikia. Nijibane ninunue kama yake?

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza mkumbushe mwenzako kwamba kazi ya ovadraivu ni kutia mchanga. Asiyeutaka achomeke gitaa moja kwa moja kwenye amplifaya.

Sasa tuchukue bisibisi. Tube Screamer, ile TS808, ilitoka mwishoni mwa miaka ya 1970. Aliyeibuni ni Mjapani Susumu Tamura wa kampuni ya Maxon, na ikauzwa kwa jina la Ibanez. Moyo wake ni chipu moja yenye miguu minane, JRC4558, pamoja na daiodi mbili zinazokata vilele vya mawimbi ya sauti. Chipu hiyo haina utukufu wowote. Imetumika kwenye vifaa chungu nzima vya sauti ambavyo havijawahi kuonana na gitaa, na ukiinunua pamoja na daiodi zake hufikii bei ya seti ya nyuzi. Mwaka 1982 ikaja TS9, na kwenye mchoro wa saketi tofauti kubwa kati ya hizo mbili ni rezista mbili tu, pale sauti inapotoka nje ya pedali. Kuna watu wamegombana miaka kwa ajili ya rezista hizo mbili.

Nimeshaziweka mezani kwangu zikiwa wazi, ya bei kubwa na ya bei chee ubavu kwa ubavu. Mchoro ni uleule, thamani za vipuri ni zilezile. Umeme hausomi jina lililoandikwa kwenye kasha. Kwenye jamii hii ya pedali za kukwaruzisha sauti, ovadraivu, distosheni na fazi (fuzz), saketi ikinakiliwa sawasawa, sauti inakuja sawasawa. Tofauti mnazosikia mara nyingi zinatoka kwenye volyumu, kipuri kilicho chini ya nobu: kinaruhusiwa kupishana na kipimo chake hata kwa asilimia 20. Kwa hiyo nobu ikielekea saa sita kwenye yako na saa sita kwenye yake, hamko mahali pamoja. Hata pedali mbili ghali za aina moja zinaweza kupishana hivyo.

Kabla hujajibana, fanyeni jaribio hili. Mtu wa tatu abadilishe pedali, ninyi wawili mmpe kisogo. Lakini kwanza asawazishe ukubwa wa sauti, na hapa awe mkali. Pedali ikizidi nyenzake kwa desibeli moja au mbili tu, sikio halikuambii kwamba imezidi, linakuambia kwamba ni tamu zaidi. Pedali nyingi zimeuzwa kwa ujanja huo bila hata muuzaji kujua kwamba anaufanya. Tena mfanye jaribio ngoma na besi zikilia. Saketi ya Tube Screamer inapunguza besi na kusukuma sauti za kati, kilele chake kikiwa karibu na hezi 720. Ukiwa peke yako chumbani utaona inalia kama mtu mwenye mafua. Bendi ikiingia, mafua hayohayo ndiyo yanayofanya solo yako isikike juu ya watu wote.

Mwenzako akikutajia Klon Centaur, ovadraivu nyingine yenye sifa kubwa, msikilize kwa adabu. Bill Finnegan alianza kuiuza mwaka 1994 na akaifunika saketi kwa gundi ngumu ili isinakiliwe. Watu waliikwangua, wakaichora, na leo nakala zake zimejaa sokoni, ilhali ile ya asili iliyotumika inauzwa kwa maelfu ya dola. Finnegan mwenyewe, alipotoa toleo jipya liitwalo KTR, aliandika juu ya kasha lake kwamba makelele yote yale hakuyaanzisha yeye. Nilicheka sana nilipoisoma. Maneno hayo nayo yamekuwa sehemu ya makelele.

Je, fedha za pedali ghali zinakwenda wapi basi? Nyingi zinakwenda kwenye bati. Wagonjwa wanaoletwa mezani kwangu hawaji kwa sababu chipu imekufa. Wanakuja kwa sababu jeki, lile tundu la kuchomekea waya wa gitaa, imelegea, swichi ya mguu haishiki, au tundu la adapta linacheza. Kwenye nyingi za bei chee, jeki imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, na haina nati ya kuishikilia kwenye kasha. Kila mtu akijikwaa kwenye waya wako, risasi ya kulehemia ndiyo inayobeba kishindo. Itavumilia, itavumilia, halafu itapasuka katikati ya wimbo. Kwa hiyo unaponunua usiangalie rangi wala jina. Shika jeki uitikise, angalia kama ina nati kwa nje. Kanyaga swichi mara nyingi ukiisikiliza. Ukikuta kasha la chuma na nati mahali pake, umepata pedali ya bei chee ya kufanyia kazi.

Kuna mahali ambapo bei ndogo inashindwa kweli, na sitakuficha. Pedali ya mwangwi ya analogi hutumia chipu zinazopokezana sauti kutoka seli moja hadi nyingine, kama watu wanaopasiana ndoo za maji. Chipu hizo zinahitaji kurekebishwa kwa mkono kiwandani, pedali moja baada ya nyingine. Isiporekebishwa vizuri, marudio yanakwaruza na kufa mapema, na urekebishaji ni muda, na muda ndio anaoubana mtengenezaji wa bei chee. Wah, pedali inayofanya gitaa liseme "wa-wa", nayo ni mashine: inakanyagwa, inakunjuka, inasuguana. Hapo nunua kitu kizito.

Rivabu za dijitali, pedali za kuiga mwangwi wa ukumbi, zina kichekesho chake. Chipu iitwayo FV-1 utaikuta kwenye pedali za bei chee na pia kwenye nyingine za bei ya kutisha. Inakuja na programu nane ndani yake, na mtengenezaji anaweza kuandika za kwake. Hapo unamlipa aliyeandika programu, nami sina ugomvi na malipo hayo, mradi usikie tofauti ukiwa umefumba macho.

Yako ya kijani baki nayo. Ikiwa jeki yake haina nati, niletee au mpelekee fundi yeyote mwenye mkono mzuri.

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina pedali tano za bei nafuu, zote nazilisha kwa adapta moja yenye waya uliogawanyika. Tangu niongeze ile ya mwangwi wa dijitali kuna mluzi usiokoma. Muuzaji amesema hiyo ndiyo dalili ya pedali rahisi, ninunue ghali.

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Huyo muuzaji anakutafutia dawa ya jino wakati unaumwa sikio. Chomoa pedali ya mwangwi kwenye huo waya, uipe adapta yake peke yake. Mluzi ukiondoka, pedali zako hazina kosa. Saketi ya dijitali ina saa ndani yake inayopiga kwa kasi, na kelele zake zinasafiri kwenye waya wa pamoja hadi kwenye ovadraivu, ambayo kazi yake ni kukuza chochote inachokikuta.

Halafu jumlisha miliampia. Ovadraivu hula chini ya 10, lakini pedali ya dijitali inaweza kutaka 100 au hata 300. Adapta ikizidiwa, kelele ndiyo kilio chake. Hakikisha pia zote ni volti 9 na hasi iko katikati ya plagi, maana baadhi ya fazi za kizamani zimepinduliwa, na ukiziunga kwenye waya huo mmoja unatengeneza shoti.

Ukipata fedha, nunua kisanduku cha umeme chenye matundu yaliyotenganishwa. Hiki ndicho kitu pekee kwenye ubao wako ambacho nakusihi usikifanyie ubahili, kwa sababu vingine vimeandikwa "vimetenganishwa" na havijatenganishwa. Nenda na mita dukani. Kisanduku kikiwa hakijachomekwa ukutani, gusa hasi ya tundu moja na hasi ya jingine. Mita ikilia, ni waya uleule umevalishwa koti.

SWALI: Naambiwa pedali zote ziwe na baipasi halisi, yaani ikizimwa sauti ipite moja kwa moja, kwamba za bei nafuu zenye bafa, saketi ndogo ya kuipa sauti nguvu ya kusafiri kwenye kebo, zinakula sauti. Kweli?

JIBU: Nusu. Bafa mbovu inakula sauti, bafa nzuri inaiokoa. Kebo ina takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, na pedali zote zikizimwa kwa baipasi halisi, gitaa lako linasukuma kebo zote peke yake, na sauti za juu zinafifia. Pedali moja yenye bafa nzuri, kama zilivyo nyingi za kampuni ya Boss, inatosha. Kama una fazi ya transista za germaniamu, iweke kabla ya bafa hiyo, maana inataka kuliona gitaa ana kwa ana, na usiiache juani, kwa sababu germaniamu ikipata joto mlio unabadilika.