Maswali yenu: Marie Curie na wabunge wa kike wa Polandi

Wiki iliyopita nilimtaja mwanasayansi Marie Curie mara moja tu, nikamwita Mpolandi, meseji zikamiminika. Haya, tuzijibu.

*Marie Curie si Mfaransa? Mbona ulimwita Mpolandi?*

Curie ni jina la mumewe, Pierre, ndo Mfaransa. Yeye kazaliwa Warsaw 1867, Maria Skłodowska, na wakati huo Polandi haipo hata kwenye ramani, Mrusi, Mprusi na Mwaustria walishaigawana kama nyama ya mnadani. Sasa 1898 yeye na Pierre wanagundua elementi mpya wanaiita poloniamu, jina la nchi isiyokuwepo! Mimi hiyo inanikosha kuliko hata tuzo zake mbili za Nobel (fizikia 1903, kemia 1911).

*Chuo cha Warsaw kilikuwa hakichukui wanawake, alisomaje?*

Kwa kujificha. Kulikuwa na chuo cha siri wakikiita Chuo Kinachoruka, maana madarasa yalihama nyumba hii kwenda ile ili serikali ya Mrusi isiwanase. Halafu akapatana na dada yake Bronisława, wewe tangulia Paris usome udaktari, nitakutumia hela, ukishasimama na mimi unanivuta, basi Maria akaenda kufundisha watoto kwenye majumba ya wenye nazo, miaka inapita, hela anatuma, mpaka 1891 ndo na yeye akapanda treni. Nani kwetu hamjui mtu aliyesomeshwa hivi? Na 1932 Taasisi ya Radiamu (elementi nyingine waliyoigundua Maria na Pierre) ilipofunguliwa Warsaw, mkurugenzi wa kwanza alikuwa Bronisława huyohuyo.

*Wabunge wanawake wa kwanza wa Polandi walikuwa kina nani? Kuna mwanasayansi kati yao?*

Yupo! Gabriela Balicka, mtaalamu wa mimea, shahada yake ya uzamivu (PhD) aliichukua Geneva. Polandi ilirudi kuwa nchi Novemba 1918, na tarehe 28 ya mwezi huohuo amri ikatoka wanawake wapige kura na wagombee, uchaguzi Januari 1919, na bunge lile, Sejm, likapata wanawake wanane. Yupo Zofia Moraczewska, ambaye mumewe ndo alikuwa waziri mkuu amri ilipotoka (maongezi ya mezani kwao hatuyajui, ila tunaweza kuhisi). Yupo Maria Moczydłowska aliyepigania sheria ya 1920 ya kubana uuzaji wa pombe, watu wakaiita Lex Moczydłowska, yaani Sheria ya Moczydłowska, na sidhani kama walevi waliitamka kwa upendo.

*Curie naye alipiga kura?*

Ufaransa alikokuwa anaishi, hapana. Wanawake huko walipewa kura 1944, yeye kafa 1934. Polandi mama wa kijijini anachagua mbunge, huku mwenye Nobel mbili haruhusiwi! Na mapema 1911 Akademia ya Sayansi ya Paris ilimkatalia uanachama, mwisho wa mwaka akapata Nobel ya pili. Mwanamke wa kwanza kuwa mwanachama kamili pale aliingia 1979.