Kupandisha kasi ya prosesa ya kompyuta ya kurekodi

Ndugu, umeuliza kama kupandisha kasi ya prosesa yako, i7-8700K, hadi 5.0 GHz kutaondoa mikwaruzo ya sauti unaporekodi hapo nyumbani Umoja. Sidhani. Mara nyingi mikwaruzo huletwa na draiva (programu inayoendesha kifaa) inayoishikilia prosesa, hasa ya Wi-Fi. Zima Wi-Fi, pima kwa LatencyMon (programu inayoonyesha draiva inayochelewesha sauti), kisha kwenye programu ya kurekodi weka bafa, yaani akiba ndogo ya sauti inayosubiri kuchakatwa, ya sampuli 128. Kwa 48 kHz (sampuli 48,000 kwa sekunde) hiyo ni kama milisekunde 2.7.

Bado unataka kupandisha? Komea 4.7 GHz kwa viini (cores) vyote vya prosesa. Kwenye BIOS (mipangilio ya kompyuta kabla ya Windows kuwaka) zima XMP, yaani kasi ya ziada ya RAM, kwanza, ili kosa la RAM lisidhaniwe ni la prosesa, kisha weka kizidishi cha kasi 47 (47 × 100 MHz) na volti 1.25. Endesha Prime95, programu ya kuitesa prosesa kwa majaribio, saa nzima, joto lisipite 85°C. Ikikwama, ongeza volti 0.02, usivuke 1.35. Kagua pia makosa ya WHEA (makosa ya vifaa yanayonaswa na Windows) kwenye Event Viewer, kumbukumbu ya matukio ya Windows, kwani mashine huweza kukosea kimyakimya bila kuzima.

Hiyo 5.0 hudai volti na joto zaidi, na feni itavuma hadi kwenye maikrofoni. Pesa ambayo ungetumia kupoza joto hilo nunulia UPS (betri ya akiba ya kompyuta). Stima zetu unazijua.