Mbona Jackie Chan hachuji?

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu. Mdogo wangu anashikilia kwamba Jackie Chan amedumu kwa bahati tu, kwamba kwa mapigano hamfikii Bruce Lee hata kidogo. Mimi nakataa, ila hoja sina. Nisaidie.

JIBU: Mwambie mdogo wako aache kuhesabu ngumi anazorusha Jackie, atazame anavyopigwa.

Bruce Lee alipofariki mwaka 1973, Hong Kong ilihaha kutafuta mrithi. Mwongozaji Lo Wei akamtaka Jackie anune na kulipiza kisasi kama marehemu, na watazamaji hawakuvutiwa. Mwaka 1978 akafanya kazi na mwongozaji mwingine, Yuen Woo-ping, ikatoka filamu ya Drunken Master: kijana mtundu, mvivu, anayechapwa mpaka anajifunza. Tulikuwa tumezoea steringi asiyeguswa. Huyu anapigwa, anapuliza vidole kwa maumivu, anatimua mbio, anaokota kiti au ngazi, anarudi. Kwangu mimi, siri yote ya kudumu kwake iko hapo.

Wala si uigizaji mtupu. Alizaliwa 1954, na tangu utotoni alilelewa katika chuo cha opera ya Kichina cha mwalimu Yu Jim-yuen, pamoja na Sammo Hung na Yuen Biao, ambao nao walikuja kuwa nyota wa filamu za mapigano. Sarakasi, kuimba, silaha, na viboko vingi. Ndiyo maana mapigano yake yana mdundo. Ukizima sauti bado unauona.

Gharama yake ilikuwa kubwa. Katika Police Story (1985) aliruka na kuteremka kwa kuteleza kwenye nguzo ndefu ndani ya jengo la maduka, taa zikipasuka, akaungua mikono. Mwaka uliofuata, wakirekodi Armour of God huko Yugoslavia, alianguka kutoka mtini, fuvu likavunjika, akapasuliwa kichwa.

Bingwa asiyeumia akizeeka hana pa kujificha. Jackie alishatuonyesha hofu na uchovu tangu ujana, hivyo Rush Hour ilipotoka 1998, akiwa na miaka 44, na hata alipocheza mwalimu katika The Karate Kid ya 2010, tulimkubali. Tuzo ya heshima ya Oscar ya 2016 nadhani ilichelewa. Filamu zake za karibuni sizipendi zote, picha za kompyuta zimezidi.

Kaeni pamoja mtazame pambano la mwisho la Drunken Master II, ya 1994. Pale anapotambaa juu ya makaa ya moto, mwache mdogo wako akueleze bahati iko wapi.