Mbona shina kwenye hadubini naona giza tupu?

SWALI: Habari mhariri, nimekata kipande cha shina la mharagwe nikakiweka kwenye hadubini lakini naona kitu cheusi tu na viduara vyenye ukingo mweusi, sasa hizo seli ziko wapi jamani?

JIBU: Salama kabisa. Hadubini yako haina shida, kipande ndo kinene, maana mwanga unatoka chini unapita ndani ya shina ndo ukufikie jichoni, ukishindwa kupita unaona giza. Chukua wembe mpya, uloweshe maji, shika shina changa katikati ya vipande viwili vya karoti ili lisiyumbe halafu telezesha wembe, usikandamize. Kata vingi tu kisha chagua kile chembamba kinachopitisha mwanga, hata kama ni nusu duara hakina neno, kinatosha sana!

Hivyo viduara ni hewa. Weka tone la maji, shusha kioo chembamba cha kufunikia kipande taratibu kwa kukiinamisha upande mmoja.

Anza na ukuzaji wa mara 40 ndo uongeze. Kwa mharagwe utaona mafungu ya mirija yamejipanga duara, floemu (mirija ya chakula) iko nje, zailemu (mirija ya maji) ndani, na kati yao kambiamu (tabaka la seli zinazogawanyika), ila shina la mahindi mafungu yametawanyika kote. Ukipata rangi ya toluidini bluu weka tone, suuza, zailemu inageuka kijani-bluu na kuta laini za seli zinakuwa zambarau, aisee inapendeza mno, usiikose hiyo.