Kufuma mikoba: niache kazi?

Umeuliza kama uache kazi ufume mikoba ya uzi muda wote. Usiache bado, ndugu yangu. Kwanza shika saa: mkoba mmoja ukikuchukua saa 6, nawe ukauuza kwa bei inayorudisha hela ya uzi tu, hapo umefanya kibarua cha bure. Bei ibebe uzi, saa zako, usafiri, halafu faida juu yake. Sifa za marafiki usizihesabu; subiri mtu asiyekujua anunue, kisha arudi tena. Hela ya mauzo itenge na ya matumizi ya nyumbani tangu siku ya kwanza (hapa ndipo nilipozama mimi). Oda zikikujaza miezi kadhaa mfululizo, ndipo tuongee habari za kuacha kazi.