Kijana wa kidato cha pili amekataa shule: je, ni utoro?

SWALI: Mshauri, mwanangu wa kiume ana miaka 15 na anasoma kidato cha pili katika shule ya kutwa hapa Morogoro. Hii ni wiki ya tatu kila asubuhi analalamika tumbo na kichwa, mara nyingine anatapika, lakini ikifika saa nne anakula na kucheka kana kwamba si yeye. Tulimpeleka zahanati, akapimwa malaria, taifodi na mkojo, hakuonekana na kitu. Baba yake anasema ni utoro na dawa yake ni fimbo. Shemeji yangu anashauri tumpeleke bweni. Mtihani wa upimaji unakaribia. Nifanyeje?

JIBU: Mama, kwa maelezo yako, huyo si mtoro. Mtoro huaga nyumbani akiwa amevaa sare, akaishia kijiweni au kwenye kibanda cha michezo ya video, na mzazi huwa wa mwisho kujua. Wa kwako yuko sebuleni na anateseka mbele ya macho yako. Wanasaikolojia huliita jambo hili ukataaji wa shule, na hawalihesabu kuwa ugonjwa unaojitegemea. Ni dalili, kama homa ilivyo dalili, na nyuma yake panaweza kuwa na hofu, sonona, uonevu au jambo jingine. Mweleze baba yake tofauti hii mapema, kwa sababu fimbo humwongezea mwenye hofu kitu cha pili cha kuogopa, na hicho cha pili kitakuwa ndani ya nyumba yake.

Tumbo lake linauma kweli. Hofu huvuruga mmeng'enyo wa chakula na kuharakisha mapigo ya moyo, na maumivu hupungua saa nne kwa kuwa saa hiyo anajua kwamba kwa leo haendi tena. Mwangalie mwishoni mwa wiki: ikiwa Jumamosi yuko mzima na tumbo linaanza tena Jumapili jioni unapopiga pasi sare, umeshapata nusu ya jibu. Ikiwa linamuuma hata siku zisizo za shule, linamwamsha usiku wa manane, au anapungua uzito, mrudishe hospitali akachunguzwe zaidi.

Nusu ya pili ni kujua anakimbia nini. Mwaka 1990 Christopher Kearney na Wendy Silverman, wanasaikolojia wa Marekani, walipendekeza tutazame kile ambacho mtoto anakipata kwa kubaki nyumbani: kuepuka kitu cha shuleni kinachomtia wasiwasi, kuepuka kupimwa au kutazamwa na watu, kupata uangalizi wa mzazi, au kufurahia kilichopo nyumbani, kama simu na televisheni. Mara nyingi sababu hizi huchanganyika, na mtoto aliyeanza kwa hofu huzoea pia raha ya sebuleni baada ya wiki chache.

Usimuulize kwa nini hataki shule, maana atakujibu "basi tu". Mkiwa mnachambua mchele au mnatembea kwenda dukani, mwombe akusimulie siku yake ya shule tangu anapoamka hadi kengele ya mwisho, kisha usikilize ni wapi sauti inapungua au anaporuka saa nzima. Huenda ni kituoni, ambako konda huwasukuma wanafunzi ili apakie watu wazima. Huenda ni vyooni, mstarini, au ni mchango ambao anajua baba yake hana. Kijana mmoja niliyemhudumia alisimulia vizuri mpaka kipindi cha Baiolojia, akanyamaza. Alikuwa amesimamishwa kusoma kwa sauti, akalitamka neno la Kiingereza la tumbo "stomachi" badala ya "stamaki", na kufikia mapumziko darasa zima lilikuwa linamwita hivyo. Wazazi wake walikuwa wamelipia vipimo vitatu. Watoto wetu wengi husoma kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, kisha ghafla karibu kila somo linageuka Kiingereza, na aibu ya kuchekwa huweza kumfungia mtoto nyumbani kuliko ugumu wa somo lenyewe.

Ikiwa chanzo ni viboko, zungumza na mkuu wa shule bila woga. Kanuni za mwaka 2002 zinataka visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Ikiwa anadokeza kwamba kuna mtu amemgusa au kumdhalilisha, na watoto wa kiume hufanyiwa hayo pia, acha kumrudisha shuleni kwanza, nenda dawati la jinsia na watoto la polisi au piga 116, simu ya watoto isiyo na malipo.

Mkishajua chanzo, msichelewe, kwani kila siku ya kubaki nyumbani humpa nafuu ya haraka na kuifanya kesho iwe ngumu zaidi. Aamke saa ile ile, avae sare, na wakati wa masomo kusiwe na simu wala televisheni. Mweleze kwamba hiyo ndiyo ratiba ya nyumba, si adhabu. Panga na mwalimu wa darasa arudi kidogo kidogo: siku ya kwanza vipindi viwili, ikiwezekana vya somo analolipenda, aingie baada ya mstari, na awe na mwalimu mmoja wa kumwendea akizidiwa. Akizidiwa, abaki shuleni, hata kwa mwalimu huyo, mpaka hofu ishuke ndipo aondoke. Akiondoka ikiwa kileleni, atakuwa amejifunza kwamba kukimbia ndiko kulikomwokoa. Siku ya tatu au ya nne tumbo huweza kurudi kwa nguvu, hivyo msiongeze vipindi siku hiyo wala msivipunguze.

Bweni silishauri kwa sasa. Kama anaogopa watu, mtampeleka akaishi nao saa 24.

Akianza kusema amechoka kuishi, au akijitenga hata na wadogo zake na kuacha kula, mpeleke hospitali ya rufaa ya mkoa siku hiyo hiyo na uombe aonwe na mtaalamu wa afya ya akili.

Kuhusu mtihani, mwombe mwalimu wa darasa madaftari ya mwenzake anayeandika vizuri, ayanakili nyumbani saa za asubuhi zile zile za vipindi. Ikibidi arudie kidato cha pili, atarudia akiwa na miaka 16, na darasani hatakuwa peke yake.